Desemba Mombasa: Ngoma Iko Wapi, Kibali Hutolewa na Nani, na Mwanamuziki Alipwe Vipi

Mwezi wa Desemba una burudani za aina mbili mjini Mombasa: zile zinazobandikwa kwenye mabango, na zile zisizobandikwa popote. Mgeni anayeshuka kwenye treni pale Miritini huona za kwanza tu. Mwenyeji anajua kwamba za pili ndizo nyingi zaidi, na kwamba nyingine huanza mlangoni pake bila mtu kumwuliza.

Makala haya yanaeleza zote mbili, kwa sababu kila msimu maswali ya wakazi ni yaleyale. Niende wapi na watoto bila kumaliza pesa? Je, harusi ya nyumbani inahitaji kibali? Jirani akipiga spika mpaka alfajiri nimshitaki kwa nani? Na aliyepiga kinanda usiku kucha akalipwa nusu, haki yake iko wapi?

Kwanza, kwa nini Desemba. Shule zimefungwa, jamaa wa Nairobi na wa bara wanateremka pwani, na wale wanaofanya kazi nchi za Ghuba wengi huomba likizo wakati huu. Mvua za vuli zimeshapungua na upepo wa kaskazi umeanza kuvuma, kwa hivyo shughuli ya uani haina hofu kubwa ya kulowa. Mahoteli ya Nyali, Bamburi na Shanzu yanajaa. Mpigaji ngoma ambaye mwezi wa Mei hukaa wiki nzima bila kuitwa, mwezi huu huenda akaitwa mahali pawili kwa usiku mmoja.

Hata hivyo, Desemba si lazima iwe hivi siku zote. Shughuli nyingi za mji huu hufuata mwezi mwandamo, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja dhidi ya kalenda ya ukutani. Ndiyo sababu Maulidi haishiki mwezi mmoja wa Kizungu, na ndiyo sababu mwezi wa Ramadhani, popote unapoangukia, taarab na harusi hunyamaza. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba. Wenye kumbi na wanaopanga sherehe za kufunga mwaka huo wana muda wa kutosha wa kujipanga.

Zisizobandikwa

Harusi ndiyo jukwaa kubwa la sanaa Mombasa. Hakuna ukumbi wa serikali wala wa mtu binafsi unaotoa kazi kwa wanamuziki wa hapa kuliko nyua za watu, na ukitaka kusikia muziki ambao haujapunguzwa ukali kwa ajili ya watalii, huko ndiko uliko.

Harusi ya Kiswahili haina ngoma moja. Kuna vugo, ya wanawake, inayopigwa kwa pembe. Kuna chakacha, wanawake wakiwa wamejifunga leso viunoni. Kuna kirumbizi, wanaume wakichezeana kwa fimbo huku nzumari ikilia. Na kuna lelemama, ngoma ya wanawake waliojipanga safu, mikono ikienda taratibu, ambayo vijana wengi wameisikia kwa jina tu. Lelemama ilikuwa na vyama vyake. Ibinaal Watan na Banu Saada walishindana katika mji huu kwa mavazi, kwa chakula na kwa nyimbo za mafumbo, kila upande ukitaka kumshinda mwenziwe kwa gharama na kwa maneno. Kabla yao wanaume walikuwa na beni, ngoma ya tarumbeta na gwaride, nayo Mombasa ilikuwa na pande zake: Kingi na Scotchi. Anayedhani mashindano ya wasanii kurushiana maneno yameletwa na simu amechelewa kwa karibu miaka mia.

Taarab ni jambo jingine. Udi, fidla, tabla na kinanda, na katika vikundi vya Mombasa hata tashkota iliyotoka Japani, vyote hubeba shairi. Katika taarab shairi ndilo kitu chenyewe. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa kwa sauti na kwa mahadhi yaliyonusa filamu za Kihindi, lakini mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir, malenga wa mji huuhuu. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alizaliwa Lamu akaishi na kupiga udi Mombasa. Tunawataja kwa sababu tutarudi kwao kwenye suala la malipo: mwimbaji na mtunzi si lazima wawe mtu mmoja, na sheria inawatazama kila mmoja kivyake.

Kwa ambaye hajazoea, neno kuhusu kutunza. Mgeni anapoinuka na noti akaenda kumtunza mwimbaji, hafanyi hisani tu. Anasema, mbele ya watu, kwamba ubeti ule umemgusa, au unamhusu mtu aliyeketi pembeni. Pesa zile ni mshahara wa mwimbaji na wakati huohuo ni barua. Wenye vikundi huzigawa baadaye kwa mpango wao. Vikundi ambavyo havikukubaliana mapema namna ya kugawa tuzo ndivyo vinavyovunjika mapema.

Na neno la pili, zito zaidi. Shughuli ya wanawake ndani ya ua ni faragha. Bi harusi na wageni wake wamejifungua kwa kuwa wanajua nani yuko ndani. Simu moja iliyoinuliwa ikapiga picha na kuzisambaza imewahi kuvunja undugu na hata ndoa katika mitaa yetu. Nyumba nyingi sasa hukusanya simu mlangoni, na mwenye shughuli ana haki ya kufanya hivyo. Mpiga picha akiajiriwa, akubaliane kwa maandishi na wenye harusi picha zinakwenda wapi na zinabaki na nani.

Upande wa Kisauni na kwingineko utasikia bango. Huu ni muziki wa saksafoni uliokulia miongoni mwa Wakristo wa pwani, hasa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875, na Joseph Ngala ndiye anayehesabiwa baba yake. Bango hupigwa harusini na hupigwa matangani, na mzee wa miaka sabini na kijana wa ishirini hucheza pamoja bila aibu. Mwanzele na sengenya za Mijikenda nazo haziko mbali, kwani Desemba ndio mwezi ambao jamaa wote wako nyumbani, na shughuli zilizoahirishwa mwaka mzima hufanywa sasa.

Lakini disko matanga si mwanzele. Spika za kukodi usiku kucha kwenye msiba, pombe kando na watoto wa shule katikati, ni jambo ambalo wazazi na wazee wa mtaa katika pwani nzima wamelilalamikia kwa sababu ya yale yanayowapata wasichana gizani. Familia iliyofiwa haikatazwi kuimba wala kucheza. Watoto walale nyumbani.

Zinazobandikwa

Tarehe 12 ni Jamhuri. Gwaride na hotuba vina watu wake, lakini kinachovuta familia nyingi ni kwaya na vikundi vya ngoma vinavyotumbuiza kati ya hotuba. Kiingilio hakuna. Fika mapema, beba maji, na ukiwa na mtoto mdogo mwandikie namba yako ya simu mkononi mwake.

Bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa na kutumiwa kwa sherehe za Mashujaa Oktoba 2019, ndiyo uwanja wa wazi ambao watu wa rika zote huuendea. Pale si lazima pawe na tamasha. Jioni za Desemba watu hukaa kutazama meli zikiingia Kilindini, wakila mihogo na kachri, na mara nyingi utakuta kijana na gitaa au kikundi kinafanya mazoezi ya sarakasi. Ukipenda, mtunze. Huyo hana bango.

Fort Jesus haihitaji tamasha ili itembelewe. Ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa, wala si kaunti, kwa hivyo malalamiko kuhusu tiketi hayaletwi kwetu. Beba kitambulisho, kwa maana ada ya raia ni tofauti na ya mgeni, na malipo ni kwa eCitizen. Waliowahi kwenda na shule darasa la tano wakaona mizinga tu, warudi: angalia michoro ya mabaharia Wareno kwenye ukuta, nyumba ya Kiomani ndani ya ngome, na milango ya kuchongwa. Kisha toka utembee Mji wa Kale kwa miguu, mchana kabla ya jua kuwa kali au baada ya alasiri.

Ukumbi wa Little Theatre Club, karibu na katikati ya mji, ndiko waigizaji wengi wa Mombasa walikoanzia. Alliance Française nayo huwa na maonyesho ya picha na muziki. Kumbi hizi ni ndogo, na watazamaji hamsini wakikosekana hasara inaonekana usiku huohuo. Angalia ratiba zao wenyewe kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa hubadilika.

Sanaa ya mikono haina msimu lakini ina wateja wa msimu. Wachongaji wa ushirika wa Akamba, kule Changamwe kwenye barabara ya Port Reitz, wamekuwa pale tangu miaka ya 1960. Ukinunua kwao unamwona aliyechonga. Uliza mti aliotumia. Mpingo na muhugu vimeadimika kwa kukatwa, na kinyago cha mwarobaini ni kizuri vilevile na hakiumalizi msitu. Bombolulu, iliyoanzishwa mwaka 1969, hutengeneza vito, nguo na vifaa vya ngozi kwa mikono ya mafundi wenye ulemavu, na ina nyumba za jadi na ngoma ambazo watoto huzifurahia.

Tahadhari ndogo kwa wanaopanga kwenda Mtwapa: kule ni Kaunti ya Kilifi. Wengi husahau. Mwenye tamasha Mtwapa hatafuti kibali Mombasa, na mwenye kibali cha Mombasa hawezi kukitumia ng'ambo ya daraja.

Kibali ni cha nani

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya shughuli za kitamaduni na burudani za umma: kumbi za sinema na maonyesho ya video, maktaba, makumbusho ya kaunti, leseni za pombe, bustani na fuo. Kazi ya kudhibiti kelele pia iko humo. Kwa hiyo mlango wa kwanza kwa mwenye tamasha ni kaunti, lakini si mlango pekee. Polisi wa kituo cha eneo hilo wajulishwe mapema kwa ajili ya usalama na magari. Muziki wenyewe una leseni yake, tutakayoieleza chini.

Harusi ya nyumbani, ndani ya ua wako, haihitaji kibali cha tamasha. Inapofunga njia ndiyo inageuka kuwa jambo la umma. Hema likiwekwa katikati ya barabara, gari la wagonjwa na la zima moto vitapita wapi? Omba kibali cha kufunga njia mapema, taja saa ya kufungua, na uwaambie majirani wa pande zote mbili. Mara nyingi ugomvi huanza kwa kuwa mtu hakuambiwa, hata kama mwenyewe angekubali.

Kuhusu kelele, kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katika muda huo kiwango katika makazi ni desibeli 35, ambacho ni kama watu wawili wakinong'ona. Hakuna kikundi cha taarab duniani kinachopiga kwa desibeli 35. Hivyo anayetaka kuzidisha huomba leseni ya muda mfupi, na leseni hiyo huwa na masharti ya saa na mahali. Kwa maneno mengine, sheria haikusema usipige. Imesema omba, na ukipewa hadi saa sita, saa sita inyamaze.

Hapa mwandishi ana maoni yake. Udi na tabla bila spika hazijawahi kumtoa mtu usingizini nyumba ya tatu. Spika za futi sita ndizo zinazofanya hivyo, na mara nyingi zinawekwa ili mtaa mzima ujue kuna harusi. Mwambie fundi wa mitambo azielekeze ndani ya ua, si barabarani. Jambo hilo halina gharama yoyote.

Mwenye malalamiko ya kelele aandike saa, mahali na chanzo, kisha apige ripoti katika kituo cha polisi au ofisi ya mazingira. Ripoti inayosema tu kuna makelele mtaani haimfikishi afisa mlangoni kwa mtu.

Msanii alipwe vipi

Wimbo Malaika unajulikana dunia nzima. Fadhili William, mzaliwa wa Taita Taveta, ndiye aliyeurekodi na kuupa umaarufu. Miriam Makeba akauimba, kisha Boney M. Lakini hadi leo wako wanaosema mtunzi halisi ni Adam Salim, na ubishi huo haujaisha. Jambo Bwana, uliotoka katika bendi ya Them Mushrooms iliyokuwa ikiwapigia watalii kwenye mahoteli ya hapa Mombasa, nao ulisafiri hivyohivyo. Nyimbo zinatoka hapa na kuzunguka dunia. Swali ni kama pesa huzifuata zikirudi.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi inalindwa tangu inapoandikwa au kurekodiwa. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, hakuanzishi haki bali kunakupa ushahidi, na ushahidi ndio unaokosekana wakati wa ubishi. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa hivyo watoto wa malenga wana haki hata kama baba yao hakuwahi kuiulizia. Aliyetunga shairi ana haki yake, aliyeimba ana yake, na aliyegharimia kurekodi ana yake.

Hoteli, baa, matatu, duka na ukumbi unaopiga muziki kwa wateja unatakiwa kuwa na leseni kutoka kwa mashirika ya kukusanya mirabaha. Mashirika hayo hupewa idhini na KECOBO kwa mwaka mmoja mmoja, na idhini hizo zimekuwa zikibadilika mikono. Kabla ya kumlipa yeyote anayekuja dukani na risiti, hakikisha kwa KECOBO kwamba shirika lake lina idhini ya mwaka huu. Msanii naye, ambaye hajajiunga na shirika lolote, asishangae kutopata mgao.

Sasa kifungu ambacho wachoraji na watunzi wengi hawakijui, na kimewaumiza. Ukiagizwa kazi, tuseme hoteli imekuagiza uchore ukuta au utunge wimbo wa tangazo, sheria inachukulia kuwa hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Ukinyamaza, umeuza. Ukitaka kubaki na mchoro wako ili uweze kuuchapa kwenye fulana au kadi, iandikwe kabla hujachovya brashi: kazi hii inatumika kwa ukuta huu tu, na hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Sentensi moja na sahihi mbili zinatosha kuanzia.

Kwa wapigaji wa harusi na hoteli, mkataba usiwe mrefu. Uwe na tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, nani analipia usafiri na chakula, kiasi, malipo ya awali, na nini kitatokea shughuli ikiahirishwa. Ujumbe wa simu uliojibiwa ni ushahidi bora kuliko ahadi ya mdomo. Usiuufute. Madai madogo ya pesa, yasiyozidi shilingi milioni moja, yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo bila kulazimika kuwa na wakili.

Ngoma za wazee

Kuna kazi ambazo hazina mtunzi mmoja. Sengenya haikutungwa na mtu ambaye jina lake linaweza kuandikwa kwenye fomu. Ibara ya 11 ya Katiba ililiona hilo na kuagiza itungwe sheria ili jamii zilipwe pale utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2016, nayo ni ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Imeweka jukumu kwa kaunti: kuorodhesha na kuhifadhi kumbukumbu za sanaa za jamii zilizomo ndani ya mipaka yake.

Maana yake ni hii. Kampuni ikitaka kutumia ngoma ya jamii kwenye tangazo, jamii ndiyo inayoombwa ruhusa, na jamii ndiyo inayokubaliana kuhusu malipo. Lakini mtu hawezi kuombwa ruhusa ya kitu ambacho hakijulikani ni cha nani. Hapo ndipo orodha inapohitajika, na hapo ndipo muda unapotubana, kwa kuwa wapigaji nzumari waliofunzwa na wazee wao wamebaki wachache, na waliowahi kucheza lelemama wakiwa wasichana sasa ni nyanya na wengine vilembwe wanawazunguka. Sherehe za Desemba huwakusanya mahali pamoja. Mjukuu mwenye simu anaweza kukaa na bibi yake asubuhi ya siku moja, kwa ruhusa yake, akarekodi ngoma ilivyochezwa, nani walicheza, mtaa gani na kwa sababu gani.

Rekodi kama hiyo, pamoja na majina ya wazee wawili au watatu wanaoijua ngoma, jina la kikundi na wadi inakopatikana, ndiyo inayoletwa kwenye ofisi ya utamaduni ya kaunti. Hailazimu iwe na picha nzuri. Sauti isikike, na maneno ya nyimbo yaandikwe kando, kwa Kiswahili cha Mvita, Kidigo, Kiduruma au lugha yoyote ambayo ngoma hiyo imeimbwa.